Kati ya bei ya chakavu na bei ya Uingereza

Mashine kuukuu ya kukereza chuma, kabla haijakaguliwa, huwa na bei mbili, na zote mbili si zake. Moja ni ya mtu anayeiona kuwa ni chuma cha kupimwa kwa kilo. Nyingine ni ya mtu aliyeona picha ya mashine kama hiyo iliyoko Uingereza, na tarakimu chini ya picha. Nilizikuta bei hizo mbili zikivutana nilipokwenda Malindi kutazama Boxford ya marehemu fundi mmoja. Naiandika hapa hesabu niliyoifanya, kwa sababu mashine za namna hii bado zipo kwenye karakana za pwani, waliozijua wanatangulia mbele ya haki, na warithi wanabaki hawana wa kumuuliza.

Kazi yangu iko Lamu. Kukereza mti kwetu ni kazi ya jadi, tazama miguu ya vitanda vya wazee. Kukereza chuma ndiko kunakotupungukia. Vyombo vingi sasa vina injini, na palipo na injini pana shafti, rafadha, bushi, pini, puli za pampu. Bushi ikila, asiye na mashine huituma Mombasa, na mvuvi hukaa ufukweni akihesabu siku za bamvua zinazompita. Kwa hiyo nilikwenda Malindi nikiwa na haja, na mwenye haja anatakiwa ajihadhari na macho yake mwenyewe.

Mwenye mashine alikuwa mjane, mama wa makamo, na karakana imeungana na nyumba. Mnunuzi wa vyuma chakavu alikuwa amenitangulia, akaahidi shilingi 12,000. Mashine pamoja na kabati lake la chuma tuliikadiria karibu kilo 300, kwa hiyo bwana yule alikuwa analipa shilingi 40 kwa kilo, basi. Upande wa pili, kijana wake alikuwa amempigia simu na kumwambia, "Mama, usishuke chini ya laki nne," maana ndiyo bei aliyoikuta kwenye intaneti. Hakuna kati yao aliyekuwa amezungusha usukani wa mashine ile hata mara moja.

Bei ya chakavu haifai kudharauliwa, kwani ndiyo sakafu. Mashine iliyopasuka kitanda, kile chuma kirefu kinachobeba mengine yote, itaishia huko tu, upende usipende. Bei ya Uingereza nayo si uongo, ila inazungumzia kitu kingine: mashine iliyosafishwa, yenye gia zote na vifaa vyote, inayowashwa mbele ya mnunuzi, katika nchi yenye wastaafu wengi wanaokereza kwa ajili ya starehe yao. Malindi anayenunua ni mtu anayetafuta riziki. Tena bei inayoandikwa ni ile inayoombwa; iliyolipwa hakuna anayerudi kuiandika. Kwa hiyo kabla ya safari niliwauliza mafundi wa Mombasa, wa Shimanzi na Changamwe, walilipa nini wao wenyewe waliponunua. Sikuwauliza wangeuza zao kwa ngapi, maana hapo kila mtu ni tajiri. Kwa majibu yao niliweka shilingi 250,000 kuwa bei ya mashine ndogo ya Kiingereza iliyo nzima, yenye gia zake na chaki moja nzuri, yaani kile kifaa kinachobana chuma kwa taya zake. Hapo ndipo pa kuanzia, kisha unapanda au kushuka kulingana na kinachoonekana.

Kwanza nilisoma kibati chake. Boxford zilitengenezwa Halifax, kaskazini mwa Uingereza, baada ya Vita vya Pili vya Dunia, zikifuata muundo wa South Bend ya inchi 9 kutoka Indiana, Marekani. Kama mama yake, Boxford huja kwa herufi. Ya A ina sanduku la gia, unavuta mkono na hatua ya skrubu unayokata, yaani umbali kati ya uzi na uzi, inabadilika. Tena kisu kinajisogeza chenyewe kwa urefu na kwa upana. Ya B haina sanduku hilo, gia unabadilisha kwa mkono, lakini kisu bado kinajisogeza pande zote mbili. Ya C haina sanduku, na upande wa upana ni wa kusukuma mwenyewe. Ukimsikia muuzaji anasema "Boxford ni Boxford", ujue hajui anachouza. Hii ilikuwa B. Maana yake gia zilizolala kwenye sanduku pembeni ni sehemu ya mashine, na zikikosekana mashine imekatwa kiungo.

Mwaka wa kutengenezwa haukunisumbua. Mashine ya miaka ya 1950 iliyokaa katika shule ya ufundi, ikiguswa na wanafunzi kwa saa chache kwa wiki, huwa nzima kuliko ya miaka ya 1970 iliyokata shafti usiku na mchana. Rangi ndiyo iliyonifurahisha, kwa sababu ilikuwa ileile ya zamani, imechubuka pale mkono unapopita. Rangi mpya kwenye mashine inayouzwa hunifanya nitafute kinachofichwa.

Nikaanza na kitanda, yaani kile chuma kirefu cha kusubu ambacho mengine yote hukaa juu yake. Sababu ya kuanza hapo ni kwamba mashine ya kukereza hujitengenezea vipuri vyake. Bushi ikiisha, itajikerezea nyingine. Nati ya shaba ikilegea, pini ikikatika, kishikio cha usukani kikipotea, vyote hivyo mashine ileile itavitoa. Kitanda haiwezi kujisagia. Kukisafirisha mpaka kwenye kiwanda chenye mashine kubwa ya kusaga, ukalipa na kukirudisha, utakaribia bei ya kununua mashine ya pili. Ndiyo maana kabla sijataja shilingi yoyote nagawa kasoro mafungu mawili: zile ambazo mashine itajitibu yenyewe, na zile ambazo huku kwetu sina wa kumpelekea. Fungu la kwanza nalikata kidogo kwenye bei, hata likitisha macho. La pili nalikata sana, hata kama halionekani.

Kitanda hakiliki sawasawa. Kazi nyingi hufanyika karibu na chaki, kwa hiyo gari linalobeba kisu hupita hapo mara nyingi mno kuliko linavyofika mwisho wa nyuma. Nililisogeza gari karibu na chaki, nikakaza bolti yake ya kufungia mpaka likawa zito kidogo, kisha nikalipeleka nyuma taratibu kwa usukani. Kwenye kitanda kizima uzito unabaki uleule. Kilicholika, gari huanza kubana njiani, na kitanda kikilika sana, gari hugoma kabisa. Hili lilianza kuwa zito baada ya robo ya njia, na mwisho nililisukuma kwa mikono miwili, lakini halikugoma. Nikapitisha ukucha kwenye mgongo wa reli ya mbele ya kitanda: karibu na chaki palikuwa na kidaraja chembamba kati ya sehemu iliyolika na ile isiyoguswa. Kitanda kimefanya kazi, hakijafa.

Kutu nayo inahitaji jicho la pwani. Chumvi ya hewa haimwachi mtu, na wanaotoka bara wakiona reli ya hudhurungi hukimbia au huomba nusu bei. Doa linalotoka kwa kitambaa chenye mafuta ya taa halina thamani ya mabishano. Shimo linalobaki baada ya kufuta ndilo kutu ya kweli, kwa sababu hilo hukusanya vumbi la chuma na kula reli kila gari linapopita. Marehemu alikuwa ameipaka mashine yake grisi na kuifunika turubai, Mwenyezi Mungu amrehemu, na chini ya grisi ile chuma kilikuwa kinang'aa. Nilimsihi mama asiruhusu vijana waisugue kwa msasa ili ipendeze kwa wanunuzi. Msasa kwenye reli unaondoa pesa.

Kutoka hapo nikaenda kwenye spindo, ule mhimili unaozungusha chaki. Nilibana ubao mgumu kwenye chaki, nikaweka saa ya kupimia yenye kitako cha sumaku, ncha yake ikagusa spindo yenyewe wala si chaki, kisha nikanyanyua ubao kwa nguvu ya wastani. Sindano ilicheza sehemu mbili kwa mia za milimita, yaani 0.02. Hiyo ni nzuri kwa umri wake. Ingecheza 0.05 au zaidi ningeanza kufikiria kukaza beringi, na kama kukaza hakusaidii, kununua mpya. Tukaiwasha, maana marehemu alikuwa na umeme wa fezi tatu na laini ilikuwa bado hai. Niliiacha izunguke nusu saa kwa kasi ya juu, huku nikiuliza habari za kazi alizokuwa akizifanya mumewe. Kichwa cha mashine, kinachobeba spindo, kikawa cha uvuguvugu, mkono unakaa bila kuungua. Nikaingiza gia za nguvu, zile za mwendo wa polepole, nikasikiliza kama kuna mlio wa kugonga unaorudi kila mzunguko. Mlio wa namna hiyo ni wa jino lililovunjika au lililochomelewa. Haukuwepo.

Sasa nifike pale ambapo wanunuzi wengi humdhulumu muuzaji bila hata kukusudia. Nilibana kipande cha chuma cha unene wa milimita 25, kikatoka nje ya chaki kama milimita 150 bila kushikwa kwa nyuma, nikakikereza kiwe na kola mbili, yaani pete mbili zilizoinuka, moja karibu na chaki na moja nchani. Nikapitisha kisu kwa mkato mwepesi kwenye kola zote mbili bila kukigusa kati yake, kisha nikapima kwa maikromita. Tofauti ya unene wa kola hizo ilikuwa milimita 0.09. Kwa urefu ule ni nyingi mno. Mnunuzi mwenye haraka angesema hapohapo kwamba mashine imekufa, akaomba apunguziwe laki moja. Lakini kola zinaweza kutofautiana kwa sababu kitanda kimelika, kwa sababu kichwa kimekaa upande, au kwa sababu kitanda kimejipinda kwa kusimama kwenye sakafu isiyo sawa. Kitanda cha chuma cha kusubu hujipinda kweli, na nywele moja ya kujipinda inafika kwenye kisu. Sakafu ya karakana ile ilikuwa imedidimia upande mmoja. Nililegeza bolti za miguu, nikaingiza bati jembamba chini ya mguu mmoja wa nyuma, nikakaza, nikakereza tena. Ikashuka 0.06. Nikaongeza bati la pili, ikawa 0.03. Sehemu kubwa ya kasoro ilikuwa ya saruji, na kumkata mjane pesa kwa kosa la saruji ni kupunja. Sura ya 83 ya Qur'ani inawaonya wapunjao vipimo, na maikromita ni kipimo kama vingine.

Skrubu za kusogeza kisu kwa upana zilikuwa zimelegea. Usukani unazunguka karibu robo ya mzunguko kabla kisu hakijahama. Ukiwa mgeni jambo hili linakutisha, kwa sababu mkono ndio unaolihisi kwanza. Kwangu ni fungu la kwanza: nati ya shaba imelika, na nati mpya itakerezwa juu ya mashine hiyohiyo. Skrubu ndefu ya kukatia nyuzi niliitazama kwa makini zaidi. Vichwa vya nyuzi zake karibu na chaki vilikuwa na upana unaokaribiana na vya mwisho wa nyuma. Vikiwa vimechongoka upande mmoja, ujue nyuzi ndefu utakazokata hazitakuwa na hatua sawa.

Taya za chaki ndizo zilizoniudhi. Zilikuwa zimepanuka mdomoni, zinashika kwa ndani tu na kuachia kwa nje, hivyo kazi inayumba. Hapo hakuna huruma, nikaandika.

Kisha gia. Skrubu ndefu ya mashine hii ni ya inchi, nyuzi 8 kwa inchi moja, na injini za boti tunazozihudumia Lamu ni za Kijapani, nyuzi zake za milimita. Kutoka inchi kwenda milimita unahitaji gia ya meno 127, kwa sababu inchi moja ni milimita 25.4, na 127 ni nusu ya 254 na haigawanyiki tena. Katika sanduku la marehemu gia ya 127 haikuwemo, na nyingine mbili zilikuwa zimepotea pia. Kijana wa jirani aliyekuwa akitutazama akasema basi mashine haina maana kwa kazi za kisasa. Sivyo. Gia ya 80 ikishirikiana na ya 63 inatoa uwiano unaokaribia sana 127 kwa 100. Kosa lake ni kama milimita 0.13 katika urefu wa mita nzima. Nati ya rafadha ina urefu wa vidole viwili. Kosa hilo huwezi kulipima pale. Kwa hiyo gia iliyopotea nilikata bei ya kuchongesha ya 63 na zile mbili nyingine, wala sikuitumia kama fimbo.

Chini ya benchi, ndani ya debe la mafuta ya kupikia, mama alikuwa na "vyuma vingine" alivyokusudia kumpa yule wa chakavu kama nyongeza. Nilivimwaga juu ya gunia. Chaki ya taya nne, taya zake zote nzima. Sahani ya kufungia kazi isiyo ya mviringo. Stendi ya kushikilia chuma kirefu kisiyumbe. Chaki ya kutobolea, ya upande wa nyuma. Nilimwambia papo hapo, "Mama, debe hili peke yake linapita zile elfu kumi na mbili." Ningeweza kunyamaza. Lakini bei anayoikubali mtu asiyejua anachouza siwezi kuiita bei.

Yapo mambo mawili yaliyokuwa ghali kwangu na ambayo sikuyaweka kwenye hesabu ya mashine. Umeme wangu Lamu ni wa fezi moja, na mota ile inataka fezi tatu za volti 415, kwa hiyo ilinipasa kununua mota nyingine au kufunga inveta pamoja na mota inayokubaliana nayo. La pili ni safari: kuifungua vipande, lori kupitia Garsen na Witu mpaka Mokowe, kisha boti kuvuka, na mkokoteni wa kusukumwa na vijana kwenye vichochoro ambamo lori haliwezi hata kuota kupita. Wengi huyatoa haya kwenye bei ya muuzaji. Mimi nayaweka kwenye karatasi ya pili. Karatasi ya kwanza inasema mashine ina thamani gani. Ya pili inasema kama mimi naimudu. Mama yule hakunichagulia kisiwa cha kuishi.

Nikaandika karatasi ya kwanza kwa Kiswahili kisicho na maneno ya karakana, ili asome yeye na amsomee mwanawe kwa simu. Kuanzia 250,000. Kutoa 40,000 kwa kitanda kilicholika. Kutoa 25,000 kwa gia tatu. Kutoa 20,000 kwa taya za chaki. Kutoa 5,000 kwa nati ya shaba. Kuongeza 20,000 kwa vilivyomo debeni. Jumla 180,000.

Alisoma mstari baada ya mstari, akanyoosha kidole kwenye ule wa kwanza.

"Mwanangu, huku kulika kwa kitanda kutakuzuia kazi zako?"

"Bushi na pini hakutanizuia, mama. Shafti ndefu ndiyo itaniletea tabu."

"Na wewe umesema kazi zako nyingi ni bushi."

"Ndiyo, lakini siku nikiiuza, atakayenunua atanikata mimi."

Akafikiri. "Basi hiyo arobaini tugawane. Sehemu ya leo niibebe mimi, ya siku utakayouza uibebe wewe."

Sikuwa na jibu la kumshinda, na kusema kweli sikulitafuta. Ishirini kwake, ishirini kwangu, jumla ikawa 200,000. Kijana wake alisomewa karatasi ile kwenye simu, akauliza habari za gia, akaridhika. Tulilipana mbele ya jirani wawili, tukaandikiana, na namba iliyopigwa kwenye kitanda tukaiandika ndani ya hati ili asije mtu kudai kwamba mashine ni ya wizi.

Tangu hapo nimeitwa Gongoni kutazama nyingine, ndefu zaidi, imepakwa rangi mpya ya kijani. Chini ya rangi, kichwa chake cha mbele kilikuwa kimepasuka kutoka kwenye beringi mpaka kwenye bolti, kikaunganishwa kwa shaba. Mwenyewe aliitaka bei ya mashine nzima kwa sababu inazunguka. Nilimwomba aiwashe na kuikatia kwa mkato mzito kidogo, na ufa ule ukaanza kutoa mafuta tukiutazama. Tulikaa tukapiga hesabu ya viungo vyake: chaki mbili, gia kamili, kichwa cha nyuma kizima, mota nzuri, skrubu ndefu isiyolika. Viungo vile vikiuzwa kimoja kimoja vilizidi mara nyingi kile ambacho angelipwa kwa kilo, na hakuna ambaye angedanganywa. Gia zilikwenda kwa fundi wa Mombasa, chaki ya taya nne nilinunua mimi, na kitanda pamoja na kile kichwa kilichopasuka alikipeleka kwa mnunuzi wa chakavu.